Tarumbeta Nyuma ya Pazia

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Walisahau kutuambia habari za anayefichua uchi wa baba yake. Huyo huzaa, tena huzaa mapacha: kicheko na aibu. Kicheko kilitangulia kutoka. Aibu ndiyo ninayoilea mpaka leo.

Hii ni wiki ya nne najianika kwenye ukurasa huu. Msomaji mmoja ameniandikia kuniuliza kama kifuani nina moyo au nina tofali. Sijamjibu, maana hata mimi bado napapasa. Na wewe ambaye ndiyo kwanza unafungua gazeti, ngoja nikushike mkono usipotee.

Nina stashahada ya sanaa za maonyesho na ulimi usiojua kukaa nyumbani. Niliandika mchezo wa kuchekesha kuhusu wapiga tarumbeta wawili wanaogombea kazi moja hotelini. Mmoja ana kifua kama mivukuto ya mhunzi, hana kingine. Wa pili ana ufundi, lakini jino lake la mbele ni la bandia na analibandika kwa chingamu. Kabla hajapuliza huwageuzia watu mgongo, akatafuna, akabandika kwa kidole gumba, akageuka na uso wa mtu aliyetoka ibadani. Siku ya majaribio jino linachomoka, linaingia kwenye tarumbeta, na tarumbeta linakoroma kama mgonjwa.

Watu walivunjika mbavu.

Jino hilo sikulitunga. Ni la baba yangu.

Lile alilopewa na Mungu lilimtoka miaka mingi iliyopita, mwenzake alipojikwaa kwenye waya jukwaani na kumsukuma tarumbeta likiwa mdomoni. Alifumba mdomo na damu yake ndani, wenzake wasijue. Siri hiyo ilijulikana na watu watatu duniani: yeye, mama na mimi. Wenzake wa bendi walipomwona anageukia ukuta kabla ya kupuliza, walidhani anasali. Wakamwita Mcha Mungu. Baba akalipokea jina hilo kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna bendi inayomwajiri mpiga tarumbeta mwenye pengo.

Na hapo bado hujasikia kosa lenyewe.

Waigizaji wangu hawawezi kupuliza hata filimbi ya mwamuzi. Wao hushika matarumbeta na kuvimbisha mashavu tu. Mpigaji wa kweli hukaa nyuma ya pazia jeusi, akiwapulizia wote wawili. Jukwaa halioni. Anachoona ni mgongo wa pazia na taa ndogo nyekundu niliyomfungia: nikiiwasha anapuliza, nikiizima ananyamaza.

Mpigaji huyo sikwenda mbali kumtafuta. Nilimchukua Baba.

Nilimwambia kwamba katika mchezo ni mende anayeingia kwenye tarumbeta; jino halitajwi kwa maneno jukwaani, linaonekana tu. Alicheka mpaka akakohoa, akaenda dirishani kufanya mazoezi ya mende. Wiki ya kwanza alitoa mkwaruzo mdogo. Wiki ya pili akaongeza mkoromo. Kufika wiki ya tatu, tarumbeta lilikuwa linapiga chafya, linalalamika, linaomba maji. Kila onyesho likiisha alitoka nyuma ya pazia akijifuta midomo, akaniuliza: "Mama, umesikia walivyomcheka mende wangu?"

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake mzazi. Kila aliponiita hivyo, niligeuka nikaanza kuokota tiketi zilizoachwa sakafuni.

Bendi yake ilikufa miaka mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo nyumba yetu inakwenda kwa cherehani ya mama, na macho ya mama yameanza kukataa tundu la sindano. Kwa hiyo hoteli ya barabara kuu ilipotangaza, safari hii kwa kweli na si kwenye mchezo wangu, kwamba inatafuta mpiga tarumbeta wa kupiga alasiri katika ukumbi wa chakula, Baba alikuwa wa kwanza kupeleka jina. Wa pili alikuwa Mapafu, mwenzake wa bendi ya zamani. Majaribio yalipangwa Jumatatu.

Wiki iliyopita niliwaachia Jumamosi ile, saa kumi alasiri, jicho langu likiwa kwenye tundu la pazia. Benchi la mbele kabisa, katikati, alikuwa amekaa meneja wa hoteli ile ile, na pembeni yake watu wake wawili.

Haya. Tuendelee na dhambi.

Anayeigiza yule mwenye jino tunamwita Kinyonga, kwa sababu akikutazama mara moja tu anaweza kutembea kama wewe mpaka mama yako amwite aje ale. Nilimwalika nyumbani mwanzoni mwa mazoezi, eti aje ale. Kumbe nilimwalika asome. Alimsoma Baba kuanzia jinsi anavyokaza mkanda mpaka jinsi anavyofuta kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma ambacho midomo hukaa, kwa ncha ya shati. Sikumwambia jino ni la nani. Kinyonga si mjinga.

Aliniondoa kwenye tundu, akachungulia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama wa mbele si ndiye meneja wa hoteli anayoomba kazi mzee.

Nikasema ndiye.

Akanishauri tulitoe jino. Leo tu. Aweke mende kweli, kama mzee anavyodhani, atahangaika na huyo mende jukwaani mpaka watu wacheke. Hakuna atakayejua tofauti. Alikuwa tayari ameshatoa chingamu mdomoni na kuishika kiganjani, akinisubiri niseme tu.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Nilikuwa nawasikia kupitia pazia, ule mvumo wa watu waliokuja kucheka na wanaomba wapewe sababu.

"Mende hachekeshi kama jino," nilisema.

Kinyonga akanitazama. Akairudisha chingamu mdomoni.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye mwenye baba."

Sitawadanganya kwamba onyesho lilikwenda vibaya. Lingekwenda vibaya ningelala usingizi mpaka leo. Halikuwahi kwenda vizuri kama siku ile. Kinyonga alipowageuzia mgongo na taya likaanza kwenda, meneja alishaanza kucheka. Jino lilipochomoka, miwani ilimdondoka. Mwenzake mmoja alikuwa anapiga goti lake kwa ngumi kana kwamba goti ndilo lililokosea.

Nami niliiwasha taa nyekundu.

Nyuma ya pazia Baba akatoa mkoromo, chafya, lalamiko. Halafu akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Akalifanya tarumbeta lilie. Kilio cha chini, cha kubembeleza, kama mtoto aliyechapwa na hajui kosa lake. Watu walisimama.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho na furaha. Akaniuliza ni nani yule aliyekuwa anacheka mbele, mwanamke, kicheko chake kama mlango unaotaka mafuta. Nikasema simjui.

"Huyo ana masikio," Baba akasema. "Natamani wangemweka kwenye kamati ya Jumatatu."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba.

Jumatatu asubuhi mama alipiga pasi koti la Baba mara mbili, mbele na nyuma, halafu akalipiga tena kwenye kola. Baba akaniomba nimsindikize. Alisema mkono wangu una bahati, nimbebee sanduku la tarumbeta.

Njiani nilifungua mdomo mara tatu nimwambie. Mara ya kwanza nikamuuliza kama viatu vinambana. Mara ya pili nikamuuliza kama amekunywa chai. Mara ya tatu nikapiga mwayo. Mimi, mwenye cheti cha maneno chenye mhuri.

Ukumbi wa chakula wa hoteli ulikuwa umetoka kudekiwa. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, na sakafu ilinuka sabuni. Mapafu alikuwa anatoka, shati limemganda mgongoni. Tulikuwa tumemsikia tangu barabarani: noti moja ndefu kama foleni ya benki, haina pa kwenda ila haiishi.

Walikumbatiana kama watu waliogombana na kupatana mara mia.

"Mcha Mungu," Mapafu akamwambia, "umeshasali?"

"Nimesali. Na wewe nimekuombea pumzi."

"Pumzi ninayo. Niombee wimbo."

Wakacheka. Mapafu akaketi kwenye benchi la nje ya ukumbi kusubiri matokeo, akanisogezea nafasi. Sikukaa. Nilisimama mlangoni, mlango wazi, nikiomba mambo mawili kwa wakati mmoja: Baba apate kazi, na meneja awe ameugua ghafla asifike.

Alikuwa amefika. Alikuwa katikati, na kulia kwake mhasibu wa hoteli, yule mpiga goti. Kushoto kwake msimamizi wa wahudumu, kijana mwenye kitambaa cheupe mkononi. Wote watatu wa benchi la mbele.

Baba akawaamkia, wakamwitikia kwa heshima. Akatoa kipulizio kwenye mfuko wa shati, akakifuta kwa ncha ya shati. Nilimwona mhasibu akiinua kichwa.

Kisha Baba akageukia ukuta.

Kutoka mlangoni nililiona taya likienda. Mara moja. Mara mbili. Kidole gumba kikapanda mdomoni.

Mhasibu akatoa sauti puani. Msimamizi akajiziba mdomo kwa kile kitambaa. Meneja alijikaza, Mungu shahidi, alijikaza mpaka shingo ikasimama mishipa. Halafu ule mlango unaotaka mafuta ukafunguka.

Baba akageuka, uso wa ibada ungali usoni. Kwanza akatazama zipu ya suruali yake. Kisha akapapasa mgongo wa koti, labda kuna kitu kimemganda. Kisha akanitazama mimi.

Nikatazama sakafu.

Meneja akafuta machozi, akaomba msamaha. Alisema kwa adabu kabisa kwamba mzee amewakumbusha mchezo mmoja waliouona Jumamosi, mle kuna mjinga mmoja anageuka hivyo hivyo.

Uso wa Baba ukawaka. Naapa, ukawaka.

"Mchezo wa wapiga tarumbeta?"

"Huo huo."

"Huo ameutunga binti yangu," akasema, akaninyooshea kidole ili wote wanione. "Huyo hapo. Na tarumbeta ni langu. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya pazia."

Walipiga makofi. Meneja aliinuka akazunguka meza kumpa mkono. Alisema hajawahi kucheka hivyo tangu azaliwe, na akataka kujua mzee anafanyaje ile sauti ya jino linapokwama.

"Jino gani?" Baba akauliza. Bado alikuwa anatabasamu. "Ni mende."

Meneja akamtazama mhasibu.

Yule msimamizi wa wahudumu sina ugomvi naye. Alidhani mzee hajaelewa, akataka kumsaidia. Akaviringisha karatasi ya orodha ya vyakula ikawa tarumbeta. Akageukia ukuta. Akatafuna, akabandika, akageuka na uso wa ibada. Akapuliza, akajishika mdomo, akachungulia ndani ya karatasi kutafuta jino. Alikaza mkanda kwa namna ile ile. Alimwiga Kinyonga aliyemwiga baba yangu, mbele ya baba yangu. Ilikuwa nakala ya nakala, na bado ilifanana.

Baba alitazama mpaka mwisho, kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akatabasamu, midomo imefungwa.

Hakunitazama. Aliuliza tu kama anaweza kuanza.

Angeweza kuondoka. Ningekuwa mimi ningepindua meza. Yeye akainua tarumbeta.

Alipiga wimbo ule ule anaoupiga nyuma ya pazia, kwa sababu ndio uliomkaa mdomoni. Mpishi akatoka jikoni na mwiko ukidondosha mchuzi kwenye sakafu iliyodekiwa, na hakuna aliyemkaripia. Mapafu akainuka kwenye benchi akaja kusimama nyuma yangu. Nilimsikia akisema polepole, si kwangu, si kwa mtu yeyote, kwamba kazi ameikosa. Meneja alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameweka kalamu chini.

Wimbo ukaanza kupanda. Kuna mahali pale unapanda ngazi tatu, ya nne ndiyo kilele. Na kilele hicho, msomaji wangu, ndipo nilipomwekea mende.

Midomo ya mpiga tarumbeta haina akili, ina mazoea. Wiki tatu mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, na nyumbani siku zilizobaki, niliifundisha ile midomo ivunjike pale. Nikaiwashia taa. Nikaipigia makofi. Ngazi ya kwanza akapanda, ya pili, ya tatu.

Ya nne, tarumbeta likakoroma.

Alijaribu kulirudisha. Likapiga chafya. Akalitoa mdomoni kwa haraka kama mtu aliyeungua.

Wote watatu walilipuka kwa kicheko. Walidhani amewapa zawadi.

Mapafu peke yake hakucheka. Aliweka mkono begani kwangu, mzito, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Umemfanya nini?"

Hawakuchukua muda kuamua. Meneja aliwaita wote wawili ndani, akasema kazi ya alasiri atapewa Mapafu. Ana noti ndefu na wateja hawataki kushtuliwa wakiwa wanakula. Mapafu akashukuru huku anatazama viatu vyake.

Halafu meneja akamgeukia Baba, na alichokisema alikisema kwa moyo mweupe, ndiyo maana kiliuma. Alisema mzee asidhani wamemwacha. Ana jambo kubwa zaidi kwa ajili yake. Kila Jumapili mchana hoteli inajaa familia, watoto wanasumbua, wazazi hawali kwa raha. Anataka pale kati ya meza mtu wa kuwachekesha. Alete koti analovaa yule mjinga jukwaani, ageuke, atafune, jino liruke, atafute chini ya meza za watoto. Malipo yatazidi ya Mapafu. Alimpa mpaka kesho saa sita mchana afikirie.

"Na tarumbeta nitapiga?" Baba akauliza.

"Utapiga, mzee. Kidogo, mwanzoni. Kabla jino halijatoka."

Baba akasema asante. Alisema asante, akainama kidogo, akachukua sanduku lake.

Nilinyoosha mkono kumpokea. Akalihamishia mkono wa pili. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima hakuniita mama wala hakuniita kitu.

Nyumbani, mama alikuwa kwenye cherehani, kitambaa amekishika karibu kabisa na macho. Aliona nyuso zetu akaondoa mguu kwenye kanyagio. Baba alimweleza yote kwa maneno machache, bila kuongeza chumvi, mpaka kuhusu mende. Alivyoeleza ungedhani ni habari za mtu mwingine aliyeonewa mtaa wa pili.

Nilitegemea mama anirushie kitu. Mkasi ulikuwa karibu. Hakurusha. Aliniuliza kama nakumbuka alichoniambia nilipokuwa na miaka saba, siku nilipomwona Baba anabandika jino na kuanza kucheka. Nakumbuka. Aliniambia kuna vicheko vya ndani ya nyumba, havivuki kizingiti.

"Ulivivusha," mama akasema. "Ukaviuzia tiketi."

Baba akamwashiria aache. Akaketi mezani. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maisha yangu yote chini ya dari ile. Aliweka vidole mdomoni, akalitoa jino, akaliweka kwenye kisahani, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi na watu wanapita barabarani.

Alipoanza kusema, maneno yalikuwa yanavuja upepo pale kwenye pengo. Nilitaka kuziba masikio, na nilitaka kuyaandika. Vyote viwili. Sasa mnajua mnamsoma mtu wa aina gani.

Alisema atakwenda. Kazi ni kazi, na macho ya mama yamechoka, mwaka kesho hayataona hata kitufe. Watu wanacheka tayari, basi wacheke ili nyumba ipate kula. Ameshakaa wiki tatu akichekwa bila kujua. Akichekwa anajua, hasara iko wapi?

Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu hotelini.

"Ila sitaki kwenda nikiwa na kinyongo na mwanangu," akasema. "Nitashindwa. Nitakuwa nachekesha watoto wa watu huku nakulaani moyoni, na baba hamlaani mwanawe. Kwa hiyo niombe radhi. Neno moja tu. Nitakusamehe hapa hapa, mama yako shahidi, halafu Jumapili nivae hilo koti na roho safi."

Mama akaniambia nipige magoti.

Nikapiga magoti. Saruji ilikuwa ya baridi, na vipande vya nyuzi vikanishika magotini. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limeiva. Nilikuwa nimelibeba wiki tatu. Wallahi nililitaka litoke kuliko mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Sina aibu niliyowahi kuiona inayofikia nusu ya ile, na hata sasa ninapoandika haya, masikio bado yananiwaka.

Lakini nilimtazama usoni, pengo wazi, nikaona ameshanisamehe. Alishanisamehe njiani, pengine kabla hatujavuka barabara. Alichokuwa anangoja kwangu si radhi. Alikuwa anangoja ruhusa. Nikitamka tu, jambo limekwisha, kesho saa sita anampa meneja mkono, na Jumapili baba yangu anatambaa chini ya meza za watu na koti nililolishona mimi mwenyewe kwa maneno, anatafuta jino lake kati ya viatu vya watoto. Kila Jumapili. Kwa mshahara. Na tarumbeta kidogo, mwanzoni.

Na kwa kuwa naungama, niungame lote: kulikuwa na kiburi pia. Sehemu fulani yangu haikutaka kusema kwamba mchezo ule ni kosa, kwa sababu ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Mapenzi na kiburi vilinishika ulimi pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa na mkono wenye nguvu.

"Nikiomba, kesho utakwenda?" nilimuuliza.

"Nitakwenda."

"Nisipoomba?"

Mama ndiye aliyejibu. Alisema nisipoomba, sina baba katika nyumba hii wala sina mama, na kisanduku changu cha nguo ninajua kilipo.

Nikainuka kutoka magotini. Nikajipangusa nyuzi.

"Sema, mwanangu," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa inanibembeleza.

"Siombi," nikasema.

Mama akaegemea cherehani kana kwamba sakafu imeinama. Baba akakunja uso kama mtu ambaye hajasikia vizuri, akaniomba nirudie.

"Siombi radhi, Baba. Leo siombi, na kesho siombi."